Vidonda vya tumbo: dawa zimegoma, nipime nini?

Shikamoo daktari. Nimemeza dawa za H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, siku 14, nikarudia dozi ileile, na kipimo cha choo bado kinasoma chanya. Nina bakteria sugu? (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Kama ulipima wiki nne au zaidi baada ya kumaliza vidonge, na hukurukaruka dozi, nashuku hivyo. Klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria iliyomo kwenye dozi nyingi za H. pylori, hufanya kazi kwa kung'ang'ania ribosomu ya bakteria, yaani kiwanda chake cha protini. Bakteria akibadilika kidogo pale inaposhikia, dawa haipati pa kushika, hata ukiimeza mwezi mzima. Ndiyo maana kurudia dozi ileile kulikuwa kupoteza hela, na hapo aliyekuandikia alikosea.

Sasa kumbuka: uliwahi kutumia azithromaisini kwa kifua? Ni ndugu wa klarithromaisini, na anayeishinda moja huishinda na nyingine. Na Flagyl je, ile tunayoinunua dukani kila tumbo likinguruma? Ni metronidazoli, nayo imo kwenye dozi nyingi za H. pylori. Yaandike majina yote, umpelekee daktari. Karatasi hiyo ni kipimo cha usugu kisicholipiwa. Amoksilini bado inaweza kurudiwa, kwa sababu usugu wake ni nadra sehemu nyingi duniani.

Usugu unapimwa kwa damu? (Kijana, Mwanza)

Hapana. Damu huonyesha kingamwili, nazo hubaki hata bakteria wakishakufa. Inapitishwa kamera mdomoni, kinachukuliwa kipande kidogo cha nyama ya tumbo, kisha maabara inaotesha bakteria kwenye hewa yenye oksijeni kidogo na kuwawekea dawa ione ipi inawaua. Ni wadudu wadekaji: huota kwa siku kadhaa, na wakicheleweshwa njiani hufa. PCR, kipimo kinachosoma vinasaba vya bakteria, ni ya haraka na inaweza kutumia hata choo. Kwa klarithromaisini inaaminika, kwa metronidazoli si sana.

Kwa nini tusipimwe kabla ya dozi ya kwanza? (Msomaji, Mombasa)

Wataalamu wa Ulaya walishauri hivyo mwaka 2022, palipo na uwezo. Huku kwetu kamera ina gharama na maabara za kuotesha H. pylori ni chache. Binafsi ningeanza na dozi ya dawa nne kwa siku 14: bismathi, tetrasaiklini, metronidazoli na omeprazoli ya kupunguza asidi. Klarithromaisini haimo kabisa, na bismathi husaidia hata pale metronidazoli inapokuwa imelegea. Ikishindikana, hapo dai kipimo cha usugu.

Juisi ya kabichi inawaua? (Dada, Iringa)

Haiwaui. Kabichi ipike.

Tangu nianze bismathi, choo ni cheusi! (Mzee, Tanga)

Shikamoo mzee. Bismathi hutia weusi choo na hata ulimi, na huisha ukimaliza dawa. Lakini kikiwa cha kunata kama lami, kinanuka vibaya na unasikia kizunguzungu, hiyo huenda ni damu. Nenda hospitali leo hii.