Mfereji unaodondosha kila mara

Yakhe, huo mfereji wa jikoni unaodondosha usikimbilie kununua mpya, mara nyingi ni kiraba cha ndani tu kimelika, funga koki ya tangini ufungue kichwa utie kipya basi, na mwambie na wa nyumbani wasiukaze kwa nguvu zote maana ndo kinavokufa. Tepu nyeupe ya kuzuia maji kwenye nyuzi za mfereji izungushe kufata upande unaokazia, ukienda kinyume inajikunjua wakati unakaza na pale panaanza kutoa jasho (mafundi wengine hawajali hili kabisa). Kama una wasiwasi na paipu za ukutani, usiku funga maji yanayoingia na mifereji yote, chovya ufito tangini utie alama maji yalipofika, asubuhi yakiwa yamepungua ita fundi.