Uliza Tukujibu: Za Marekani nazimaliza, za Waingereza zinanimaliza

SWALI: Shikamoo dada. Mi nimezaliwa Mtwara ila nimekulia na kusoma Ohio, nimerudi nyumbani niko Shangani na kazi yangu naifanyia kwenye laptopu. Huko nilizoea krosiwadi ya New York Times, hata ile ya Jumamosi ambayo ndo ngumu kuliko zote za wiki naimaliza. Sasa kuna mtu wa kazini yuko London kanitumia zile za kriptiki za gazeti la Guardian la Uingereza, yaani dada nimekodoa macho dokezo hata moja halijakubali, na mbaya zaidi hata nikioneshwa jibu sielewi limetokea wapi. Hivi tatizo ni Kiingereza changu cha Kimarekani au ni kichwa? – Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba mdogo wangu, kichwa kiko salama. Kiingereza chako kinachangia kidogo, ila tatizo kubwa ni kwamba unasoma sentensi. Acha kuisoma. Krosiwadi ya kawaida ya Marekani inakuuliza tu kitu kwa maana yake, we unatafuta neno, basi. Dokezo la kriptiki ni vitu viwili vimegandishwa pamoja halafu vikavalishwa nguo ya sentensi moja ili vionekane na habari yao: upande mmoja kuna maana ya jibu, upande wa pili kuna maelekezo ya kulijenga hilo hilo jibu herufi kwa herufi, na maana inakaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa, katikati haikai.

Ngoja nikutungie ya kwetu uone. "Mnyama mkali kajificha Msimbati (5)". Najua akili yako imeshakimbilia kwenye gesi na ufukwe, ndo anachotaka mtunzi huyo. Maana ni "mnyama mkali", "kajificha" ni ishara kwamba jibu limo ndani ya neno linalofuata, toa M ya mbele na TI ya nyuma unamkuta SIMBA. Nyingine: "Samaki wamevurugika msimu wa mvua (6)". Kuvurugika ni ishara ya kuchanganya herufi, zichanganye za SAMAKI unapata MASIKA, na msimu wa mvua si ndo huo. Na hii fupi, "Keti na mwenye magando (3)", hapa hamna ujenzi wowote, ni maana mbili zimewekwa bega kwa bega, KAA.

Hiyo namba ya kwenye mabano ni idadi ya herufi, kwenye krosiwadi ulizozoea hupewi, kwa hiyo hapo Waingereza wamekupendelea, na ukiona (3,4) ujue jibu ni maneno mawili. Ila walichokupa mkono huu wamekinyang'anya mkono wa pili: kwenye gridi ya Marekani kila herufi inakatiza, ya kwenda chini na ya kwenda pembeni, kwa hiyo unaweza kupata jibu zima bila hata kusoma dokezo lake, ila gridi ya kriptiki mara nyingi ni kama nusu tu ya herufi ndo zinakatiza, zilizobaki utajijua mwenyewe.

Kuna watu wanasema hizi ni vitendawili tu vya Wazungu. Mi nakataa. Kitendawili hata ukipata jibu zuri kumzidi bibi bado yeye ndo anasema sio, halafu mkishindwa mnampa mji, chukua Lindi, anawaambia. Kriptiki inakupa jibu mara mbili kwenye dokezo moja, ukilipata kwa maana unalihakiki kwa ujenzi, hamna haja ya kumuuliza mtu, na kama upande mmoja umegoma basi hilo sio jibu hata kama herufi zinaenea.

Tuje kwenye Uingereza wenyewe sasa. Kriketi imejaa kila kona: ukiona "duck" jaribu herufi O, kwa sababu mpigaji akitolewa bila kupata hata pointi moja ndo wanasema hivyo, na sifuri yake inafanana na O. "Gunners" ni RA, yaani Royal Artillery, kikosi chao cha mizinga, "sailor" ni AB (kifupi cha cheo cha baharia) au TAR (jina la utani la mabaharia), na "flower" anaweza kuwa mto kabisa, Thames kwa mfano, maana "flow" ni kutiririka, na maji yake si yanatiririka! (Siku ya kwanza utachukia, baadae utacheka peke yako.) Madokezo ya sauti ndo yatakutesa zaidi we wa Ohio, maana kwa Mwingereza wa London "sauce" na "source" ni sauti ile ile, r isiyofuatiwa na vokali haitamki. Kwenye spelingi na magari lakini uko mahali pazuri, fundi yeyote hapo Mtwara anasema buti na boneti, hayo ndo ya Waingereza, yale ya trunk na hood uliyokuja nayo weka pembeni.

Tafuta kamusi ya Chambers, watunzi wengi wa kule ndo wanaiegemea. Usianze na ngumu, Guardian ya Jumatatu kwa kawaida ni nafuu kuliko siku nyingine, na The Times wana fupi ya wanaoanza tangu 2014. Au pitia njia ya kwenu kwanza, maana kriptiki za Kimarekani zipo, Stephen Sondheim yule wa muziki wa majukwaani alikuwa anazitunga kwenye jarida la New York kuanzia 1968, na watunzi wa huko kwa kawaida wanashika sheria kwa ukali kuliko wa Guardian, kwa hiyo zinafundisha vizuri.

SWALI: Dada, wanafunzi wangu wanabishana krosiwadi ilianzia Marekani au Uingereza, na eti ni kweli ilitumika vitani? – Mwalimu, Lindi

JIBU: Wote wana haki mwalimu. Ya kwanza ilitoka kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ila aliyeitunga, Arthur Wynne, ni mzaliwa wa Liverpool. Kuifanya kriptiki tupu ndo kazi ya Waingereza, hasa Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, kwenye gazeti la Observer kuanzia 1926. Na vita ni kweli: Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph liliwashindanisha wasomaji kumaliza krosiwadi ndani ya dakika 12, baadae baadhi ya washiriki wakaitwa kufanya kazi Bletchley Park kufungua siri za Wajerumani.

Wape wanafunzi wako hii: "Ndege mchanga kajibanza Mikindani (5)".