Barua kwa mwanangu aliyeuliza niliwezaje kuzoea

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kwamba mtu uliyempigia kura kwa sababu aliapa kupambana na ufisadi sasa ametajwa katika wizi uleule alioulaani jukwaani, kwamba kesi yake inaahirishwa kila mwezi, na kwamba umeanza kumdharau yeyote anayeongea habari za nchi. Kisha ukauliza: "Mama, wewe uliwezaje kuzoea?"

Sikuzoea. Ila kuna siku nilishiriki, na ni heri uyasikie hayo kutoka kwangu kabla sijasema lolote juu ya viongozi. Ulipokuwa na miezi minane, faili la cheti chako cha kuzaliwa lilikuwa "halionekani" kwa wiki tatu nzima. Siku ya mwisho karani hakutamka neno. Alivuta droo ya meza yake nusu, akageuzia uso dirishani, akangoja. Nilidondosha noti mle ndani, akaisukuma droo kwa goti, na faili lililopotea likatoka chini ya daftari la mahudhurio, mbele ya macho yangu. Kilichonikosesha usingizi baadaye si zile fedha, bali ni kwamba nilitoka pale nimefurahi, nikijiona mjanja kuliko wale niliowaacha kwenye foleni.

Ndiyo maana sikuungi mkono unapoandika kwamba "wote ni wezi". (Ile methali ya samaki mmoja akioza sijawahi kuipenda, inafaa kwa samaki.) Maneno hayo yana sura ya hasira, lakini kazi yake ni ileile ya kuvuta droo nusu, kwa kuwa yanampa kila mtu ruhusa. Mwizi hapungukiwi na kitu akitukanwa pamoja na umati. Hupata tabu anapoulizwa peke yake, kwa jina, kwa tarehe na kwa kiasi.

Nadhani pia kwamba umeumia hivi kwa sababu ulimngoja mtu. Nchini Guatemala, mwaka 2015, raia waliandamana Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka Rais Otto Pérez Molina akajiuzulu mwezi Septemba. Hata hivyo, tume iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa, ambayo uchunguzi wake ulichangia kumwangusha, ilifunga virago mwaka 2019 baada ya rais aliyechaguliwa kumrithi kukataa kuiongezea muda.

Hong Kong walianzia pabaya zaidi. Huko wahudumu wa gari la wagonjwa waliweza kudai "pesa ya chai" kabla ya kumbeba mgonjwa, na mwaka 1973 afisa mkubwa wa polisi, Peter Godber, alitoroka akiwa anachunguzwa. Watu walikasirika, na mwaka uliofuata kikaundwa chombo huru cha kupambana na rushwa, kisichokuwa chini ya polisi. Godber akarudishwa na kufungwa. Usidhani kwamba safari ilikuwa nyoofu: mwaka 1977 polisi waligoma kuchunguzwa, na gavana akalazimika kusamehe makosa mengi ya nyuma. Chombo kilimeza aibu hiyo kikaendelea na kazi, na hicho ndicho ninachokiheshimu kuliko kukamatwa kwa Godber.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa Uganda, kwa sababu hauna shujaa. Watafiti walipofuatilia ruzuku za shule za msingi kati ya 1991 na 1995, waligundua kwamba kwa wastani shule zilipokea takriban asilimia 13 tu ya fedha zilizotumwa kwa ajili yao. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 kilichofika shuleni kilikuwa kimezidi asilimia 80. Wachumi wamebishana ni sehemu gani ya mabadiliko hayo iliyotokana na magazeti, kwani kulikuwa na hatua nyingine pia, na wana haki ya kubishana. Mimi huwaza tu juu ya mzazi aliyesimama mbele ya ile karatasi, akasoma tarakimu, akaenda kumuuliza mwalimu mkuu vitabu viko wapi.

Kwa hiyo, badala ya kubeba nchi nzima kifuani, tafuta jambo moja ambalo karatasi zake unaweza kuzipata na kuzielewa: bajeti ya shule moja, zabuni ya barabara moja, au kesi moja ambayo utahudhuria kila inapotajwa, hata ikiahirishwa mara kumi. Utachoka, lakini uchovu huo ni tofauti na huu ulionao sasa. Na habari za ufisadi usizisome kitandani. Hakuna unachoweza kufanya saa sita za usiku.

Umeuliza mwishoni kama kuna maana ya kupiga kura tena. Hilo sitakuamulia. Mimi nitakwenda, nitapiga, kisha nitangoja mpaka matokeo ya kituo yabandikwe, niyanakili kwenye daftari langu. Mara iliyopita tulibaki watatu, na mmoja wetu alikuwa na tochi.

Wako,
Mama