Umehama GNOME kwenda Xfce na sauti imekata? Tafuta kwanza nani ameishika kadi ya sauti

Ukibadilisha mazingira ya eneokazi kwenye Linux, tuseme umetoka GNOME ukaenda Xfce ili laptop yenye RAM ya 4GB ipate kupumua, halafu sauti ikapotea, usikimbilie kupiga mfumo upya. Wala usianze kunakili amri za kufuta vifurushi unazozikuta mtandaoni. Kadi mara nyingi ni nzima na draiva ipo. Kinachotokea ni moja kati ya mawili: sauti inapelekwa mahali pasipo na spika, au kuna programu nyingine imeikalia kadi na haitaki kuiachia. Nimeshughulika na laptop nyingi za mtumba hapa Morogoro, za steshenari, za ofisi ndogo na za kwaya, na hali hizi mbili ndizo ninazokutana nazo karibu kila mara.

Kwanza uelewe sauti inavyopita. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ndiyo inayoongea na kadi, kwa kutumia ALSA, sehemu yake inayoshughulika na sauti. Juu ya ALSA inakaa seva ya sauti, PulseAudio au PipeWire, ambayo kazi yake ni kupokea sauti za kivinjari, kicheza muziki na programu nyingine, kuzichanganya, na kuzipeleka kwenye kadi kwa pamoja. Juu kabisa ndipo kilipo kile kitufe cha spika unachokiona kwenye upau. Ukihama eneokazi, kitufe hicho ndicho kinachobadilika. Tatizo ni kwamba eneokazi jipya linaweza kuja na seva yake, ilhali ya zamani bado ipo.

Ugomvi huu una historia. Enzi za KDE 3, eneokazi jingine la Linux, kulikuwa na seva iliyoitwa aRts, na GNOME nayo ilikuwa na ESD, kila moja ikitaka kadi iwe yake. PulseAudio ikaja kuwa seva ya wote: kati ya aina za Linux, Fedora 8 iliianza mwaka 2007, Ubuntu 8.04 ikafuata 2008. Kisha ukaja uhamisho mwingine. Fedora 34 ya mwaka 2021 ilikwenda PipeWire, Ubuntu 22.10 ikafanya hivyo hivyo, na kwenye Debian 12 ya mwaka 2023 GNOME ilihamia PipeWire huku Xfce ikiendelea na PulseAudio. Kwa hiyo mtu wa Debian 12 anayeongeza Xfce juu ya GNOME ana kila sababu ya kusoma vizuri orodha ambayo apt, amri ya kusakinisha programu, inamwonyesha kabla ya kukubali. Angalia kinachoongezwa, na zaidi angalia kinachoondolewa.

Ukishaingia kwenye eneokazi jipya na kuna ukimya, fungua terminali uandike `pactl info`, kisha utafute mstari wa Server Name. Ukisoma `pulseaudio` peke yake, seva ni PulseAudio. Ukisoma `PulseAudio (on PipeWire 0.3.65)` au namba nyingine, inayofanya kazi ni PipeWire, na jina la PulseAudio limewekwa ili programu za zamani ziendelee kuelewana nayo. Amri ikikataa kuunganishwa, hakuna seva iliyoamka, na hapo utauliza `systemctl --user status pipewire pipewire-pulse wireplumber` (wireplumber ni msimamizi wa vifaa wa PipeWire). Chagua seva moja. Kama ni PipeWire unayoitaka na PulseAudio bado imo, ilaze hivi: `systemctl --user disable --now pulseaudio.service pulseaudio.socket`. Usiisahau ile socket, yaani mlango ambao programu hubisha kuomba sauti, maana ukizima huduma peke yake, socket itaiamsha tena mara programu yoyote itakapoomba sauti.

Seva ikiwa moja na bado kimya, sasa ndipo utafute aliyeishika kadi. Amri ninayoipenda kuliko zote ni `sudo fuser -v /dev/snd/*`; bila sudo hutaona programu za watumiaji wengine. Itakuonyesha mafaili ya kadi, jina la mtumiaji na programu iliyoyafungua. Tuseme unaona `/dev/snd/pcmC1D0p`: C1 ni kadi namba moja, D0 ni kifaa namba sifuri ndani yake, na p ya mwisho ni ya kutoa sauti. Ingekuwa c, ni ya kurekodi. Faili la `controlC1` kushikwa na wireplumber au pulseaudio ni jambo la kawaida kabisa, lisikutishe. Cha kutazama ni ile yenye p: kama imeshikwa na programu isiyo seva yako, au na seva ya mtumiaji mwingine, umempata.

Kwenye laptop za kwaya mshikaji huwa ni programu ya kurekodia. Mtu anafungua Audacity, anachagua ALSA kisha kifaa chenye `hw` kwenye jina lake, na hapo Audacity inaongea na kadi moja kwa moja bila kupitia seva. Inarekodi vizuri, lakini kivinjari kinabaki bubu. Kwa mazoezi ya kawaida chagua `pulse` au `default`. JACK ya zamani, seva ya sauti ya wanamuziki, nayo hufanya vivyo hivyo: ikiwaka, kadi ni yake.

Kwenye steshenari mshikaji huwa ni mtumiaji mwingine. Mmoja ameingia kwenye GNOME, hajatoka, amebadilisha tu mtumiaji, na wa pili ameingia Xfce. Kwa kawaida systemd-logind, huduma inayosimamia wanaoingia kwenye kompyuta, humpa ruhusa ya kadi yule aliye mbele ya skrini na kumnyang'anya yule wa nyuma. Mpango huo unavurugika pale watumiaji wanapoingizwa kwenye kundi la `audio`, ushauri ambao bado unazunguka sana. Aliye kwenye kundi hilo ana ruhusa wakati wote, kwa hiyo seva yake inaweza kuendelea kuing'ang'ania kadi hata akiwa nyuma. Andika `groups` uone. Ukilikuta `audio` kwenye kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa, waondoe kwenye kundi hilo, kisha wote watoke na kuingia upya.

Turudi kwenye sauti iliyopotea njia. Laptop nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne na cha tano, na ndizo zilizojaa kwenye maduka ya mtumba, huonyesha kadi mbili: ya HDMI huwa kadi 0, na yenye spika na tundu la hedifoni, jina lake PCH, huwa kadi 1. `aplay -l` itakuonyesha. Seva ya zamani ilikuwa imekumbuka chaguo lako; seva mpya haina kumbukumbu hiyo, ikachukua HDMI isiyo na televisheni. Fungua `pavucontrol`, programu ya kupanga sauti, nenda kwenye Configuration, zima ile ya HDMI, na hii nyingine uipe Analog Stereo Duplex. Kwenye Xfce hakikisha pavucontrol imesakinishwa, maana kitufe cha upau peke yake hakitoshi kwa kazi hii.

Ikiwa kumbukumbu iliyopo ndiyo inayopotosha, ya PipeWire inakaa `~/.local/state/wireplumber` na ya PulseAudio `~/.config/pulse`. Usifute. Ipe folda jina jingine kwa `mv`, washa seva upya, usikilize. Mambo yakiwa mabaya zaidi utairudisha.

Pitia pia `alsamixer`, kipimo cha sauti cha ALSA ndani ya terminali. Bonyeza F6, chagua kadi PCH, utazame chini ya Master, Speaker na Headphone. MM maana yake imezimwa. Bonyeza M igeuke kuwa 00. Hapo hapo kuna Auto-Mute Mode, inayozima spika pale tundu linapodhani hedifoni imechomekwa. Tundu likiwa limechoka, hudhani hivyo siku nzima.

Hedifoni za bluetooth zikikataa wakati spika zinafanya kazi, kuna kifurushi kimebaki nyuma. Kwenye Debian, PulseAudio inahitaji `pulseaudio-module-bluetooth`, na PipeWire inahitaji `libspa-0.2-bluetooth`.

Bado kimya? Tengeneza mtumiaji mpya, ingia naye kwenye eneokazi lile lile, upige wimbo. Sauti ikitoka kwake, tatizo limo kwenye mafaili ya nyumbani kwako na mfumo hauna kosa. Isipotoka hata kwake, omba msaada, na unapoomba bandika majibu ya `pactl info`, `aplay -l` na `sudo fuser -v /dev/snd/*`, useme umetoka eneokazi gani na umeingia lipi.