Mti wa pichani unaodhaniwa kuwa mkrismasi si mkrismasi, ni kibobakasi
Kibobakasi kwa jina la kisayansi ni Spathodea campanulata; mkrismasi ni Delonix regia. Waganda wanauita kifabakazi. Maua mekundu ya juu mitini ndiyo yanayowachanganya watu na mkrismasi, lakini tazama majani ya pichani: vijani ni vikubwa, karibu urefu wa kiganja, vimepangwa viwili viwili kwenye kikonyo kimoja. Ya mkrismasi ni vijani vidogo vidogo mno, na kikonyo chake chenyewe kina matawi.

Ua nalo ni kikombe kinachoelekea juu, ukingo wake una rangi ya dhahabu. La mkrismasi limefunguka, petali tano, moja ina weupe na madoa.

Ukitaka uhakika, okota tumba ambalo halijachanua ulibinye kwenye ncha. Likirusha maji, basi ni la kibobakasi. Watoto wanayatumia matumba hayo kurushiana maji (maji yake yanatia madoa kwenye nguo, angalia shati).

Rangi pekee usiitegemee, maana vipo vibobakasi vya maua ya njano pia. Na gari usiegeshe chini yake msimu wa upepo, matawi yake ni mepesi kuvunjika.