Nimekariri maneno 1,500 ya Kiingereza, mbona GRE bado inanishinda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mimea hapa Mtwara, na kazi yangu kubwa ni ubwiriunga wa mikorosho. Naomba nafasi ya shahada ya uzamivu Marekani, na idara ninayoitaka bado inadai matokeo ya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu. IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, nina 7.5, nikadhani inatosha. Rafiki yangu alinipa kitabu cha zamani chenye maneno 3,500, na tangu Februari nimekariri kama 1,500. Wiki iliyopita nimefanya jaribio la mazoezi, sehemu ya lugha nikapata 146. Maneno niliyokariri yalitokea machache mno, na hata hayo mengine niliyakosa. Mtihani huu unapima nini hasa kwenye msamiati? Nitajipimaje mwenyewe nijue nimebakiza kiasi gani? Na je, niendelee na kitabu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kitabu kifunge. Sikwambii hivyo kwa kudharau usiku uliokesha nacho. Nakwambia kwa sababu kinakuandaa kwa mtihani ambao haupo tena.

Hadi katikati ya mwaka 2011, sehemu ya lugha ya GRE ilikuwa na maswali ya kinyume: unapewa neno moja tupu, bila sentensi, utafute neno lililo kinyume chake. Yalikuwapo pia maswali ya mlinganisho, neno hili kwa lile kama lile kwa jingine. Mtihani wa namna hiyo ulimfaa mkariri, na ndiyo maana vitabu vya maelfu ya maneno vilishamiri. Agosti 2011 aina zote mbili ziliondolewa, na alama zikaacha kuwa 200 hadi 800, zikawa 130 hadi 170. Vitabu vile havikufa, vimeendelea kupigwa nakala mpaka vikakufikia wewe.

Kilichobaki ni aina tatu. Kuna kujaza mapengo, pengo moja hadi matatu, na ukikosa pengo moja kati ya matatu umekosa swali zima. Kuna sentensi yenye pengo moja na maneno sita, unachagua mawili yanayoifanya sentensi iwe na maana ileile. Na kuna ufahamu. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa: sehemu ya lugha ina maswali 27 tu, 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Karibu nusu ya maswali hayo ni ya ufahamu. Kwa hiyo hata ungemaliza maneno yote 3,500, orodha yako ingegusa nusu ya mtihani, na hiyo nusu nayo haikuulizi tafsiri ya neno. Inauliza kama neno linakaa mahali pake.

Hapa nataka tuketi kidogo, kwa sababu ndipo alama zako zilipo. Tazama sentensi hii niliyokutungia:

"Although the reviewers admired the ambition of the study, their praise was ______: nearly all of them doubted that its sample was large enough."

Maneno ya kuchagua: "effusive", "unanimous", "qualified", "anonymous", "eloquent".

Nimeshawapa wanafunzi maswali ya aina hii mara nyingi, na neno wanalolitupa la kwanza ni "qualified". Kwetu "qualified" ni mtu mwenye sifa za kazi, limejaa kwenye matangazo ya ajira, basi sifa za wahakiki zitakuwaje na vyeti? Halafu wanakwenda kwenye "effusive", kwa kuwa wamelikariri na wanatamani lilipe jasho lao. Lakini isome sentensi yenyewe. Imeanza na "although", yaani upande wa pili utapinda. Baada ya pengo kuna nukta mbili, na nukta mbili kwenye mtihani huu ni ahadi: kitakachofuata kinaeleza kilichotangulia. Kinachofuata ni shaka. Basi kabla hujayatazama majibu, jaza pengo kwa Kiswahili: sifa zao zilikuwa sifa zenye ila. Sasa shuka kwenye majibu utafute "yenye ila". "To qualify" kwa maana yake ya pili ni kulipunguza neno makali, kuliwekea mpaka. Jibu ni "qualified", neno ambalo umelijua tangu sekondari.

Ndivyo mtihani huu ulivyo. Neno gumu haliwi gumu kwa uadimu wake tu. Mara nyingi ni neno la kila siku lililovaa nguo nyingine. "Want" si kutaka, ni ukosefu: "for want of rain". "Novel" si riwaya, ni kitu kipya. "Betray" si usaliti, ni kufichua bila kukusudia, kama sauti inavyofichua hofu. "Sanction" ni kuadhibu na pia ni kuidhinisha, na sentensi ndiyo inayokuambia ni ipi. "Arrest" wewe ulipaswa kulijua kuliko mimi, maana kwenye maandiko ya fani yako salfa "arrests" ubwiriunga, wala hakuna polisi.

Na fani yako ni hazina ambayo hujaifungua. Maneno mengi ya magonjwa ya mimea yamehamia kwenye Kiingereza cha hoja. "Virulent" kwako ni kimelea kikali, kwenye mtihani ni upinzani mkali wenye sumu ndani yake. "Dormant" kwako ni chipukizi lililolala, kule ni mgogoro uliolala. "Latent", "blight", "graft", "prune", "germinate", "seminal", yote haya unayo mkononi. Chukua daftari, andika neno, maana ya shambani upande mmoja, maana ya hoja upande wa pili, na sentensi moja ya kila upande. Neno ulilolishika shambani halihitaji kukaririwa, linahitaji kusogezwa hatua moja tu.

Kwenye yale maswali ya maneno mawili kuna mtego mwingine: rangi ya neno. Sentensi inasema bibi alikuwa na tabia fulani ya fedha, na kwa tabia hiyo wajukuu wote walisoma. Majibu yana "frugal" na "thrifty", yana pia "miserly" na "parsimonious". Kamusi yoyote ya maneno yenye kulingana itayaweka yote manne karibu karibu. Kwetu hakuna anayechanganya mtu mwenye kubana matumizi na bahili: wa kwanza unamsifia msibani, wa pili unamsema pembeni. Jozi ya bahili ni jozi kamili, maneno mawili yenye maana moja, ila sentensi inamsifu bibi. Kadi yako ya kukariri ikiwa imeandikwa "parsimonious = mwangalifu wa fedha", kadi ndiyo iliyokupoteza. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo ya kufundisha nilikuwa nagawa karatasi za aina hiyo, neno kushoto, tafsiri kulia, na wanafunzi wangu walikosa kwa sababu yangu. Ninalisema ili usilirudie.

Sasa swali la kujipima. Tenganisha vitu viwili: ukubwa wa msamiati, na sababu za makosa yako.

Kwa ukubwa, tumia jaribio la Paul Nation, mtafiti wa msamiati, maarufu kwa jina la Vocabulary Size Test. Toleo linalotumika sana lina maswali 140, kumi kwa kila familia elfu moja za maneno, kuanzia elfu ya kwanza inayotumika zaidi hadi elfu ya kumi na nne. Idadi ya majibu sahihi unaizidisha kwa mia. Ukipata 85, makadirio ni familia 8,500. Familia ya neno ni kama kwetu piga, pigana, pigia, kipigo na mapigano zinavyohesabiwa mlango mmoja. Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji familia kati ya 8,000 na 9,000 ili aelewe asilimia 98 ya maneno ya maandishi ya kawaida bila msaada. Ukiangukia chini ya hapo, kweli una deni la maneno. Ukiwa hapo au juu yake, tatizo lako si wingi. Ila lifanye jaribio bila kubahatisha ovyo, kwani ni la kuchagua na bahati huongeza hesabu. Tena linapima kulitambua neno tu, halipimi kama unajua rangi yake wala maana yake ya pili.

Kuna pia orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, familia 570 ambazo hufanya karibu asilimia 10 ya maneno kwenye maandishi ya vyuo. Mtu mwenye shahada ya uzamili kama wewe ipitie siku mbili tu. Weka alama kwenye yale ambayo usingethubutu kuyaandika kwenye ripoti yako. Hayo ndiyo ya kusoma.

Kipimo cha pili ndicho ninachokitegemea zaidi. Rudi kwenye jaribio ulilofanya, chukua kila swali ulilokosa, uliweke kwenye moja ya mafungu matatu. Fungu la kwanza: neno sikulijua kabisa. La pili: nililijua kwa maana moja, wakataka nyingine, au nililikosea rangi. La tatu: maneno nilikuwa nayajua yote, sentensi ndiyo iliyonipita. Kuwa mkweli. Kwa watu wenye IELTS 7.5 ninaokutana nao, fungu la kwanza huwa dogo kuliko walivyotarajia, na kila fungu lina dawa yake. La kwanza ndilo pekee linalotibiwa kwa kadi. La pili linataka kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye mifano, na kusoma maana zote za neno badala ya ile ya juu. La tatu linataka mazoezi ya kujaza pengo kwa Kiswahili kwanza, huku umeyafunika majibu kwa kiganja.

Kadi ukizitumia, mbele andika sentensi nzima yenye pengo, nyuma neno na maelezo ya rangi yake. Maneno kumi kwa siku yatosha. Yarudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha wiki tatu. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau kwa kasi siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia mara nyingi kwa mkao mmoja. Maneno hamsini ya Jumamosi usiku hayafiki Jumatano.

Na soma mabishano. Makala za korosho unazozisoma kazini ni nzuri, ila zimenyooka mno: mbinu, matokeo, hitimisho. Mtihani unapenda mwandishi anayekubali nusu na kukataa nusu. Hapa jirani tu, Tendaguru mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na yule mkubwa anayesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin alipewa jina Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Mwaka 2009 mtafiti wa dinosaria Mike Taylor alitoa hoja kwamba huyo si Brachiosaurus, ni jenasi yake mwenyewe, Giraffatitan. Tafuta maandishi ya mjadala huo, na ya ule wa mifupa hiyo irudi au isirudi nyumbani. Utakutana na "tentative", "warrant", "equivocal", "purported" zikifanya kazi, mtu akimpinga mwenzake kwa adabu. Moyo utakuwa ndani kwa sababu mambo ni ya kwetu.

Kuhusu IELTS, haichukui nafasi ya GRE. IELTS inathibitisha kwamba utaweza kusoma na kuishi kwa Kiingereza. Humo msamiati ni robo ya alama za kuandika na robo ya alama za kuzungumza, unapimwa kwa maneno uliyoyachagua mwenyewe. GRE inakupa maneno ya wengine. Angalia tarehe pia: IELTS kwa kawaida inakubalika miaka miwili, GRE miaka mitano. Na 146 hujafeli, kwa sababu GRE haina kufaulu wala kufeli. Wastani wa watahiniwa unazunguka 150 na 151, na kila idara ina macho yake. Waandikie barua pepe uwaulize wanataka nini hasa kwenye sehemu ya lugha. Kuna idara zilizoacha kuidai kabisa, nawe usiingie gharama kwa sababu ya tangazo la miaka iliyopita.

Siku ya mtihani, usiache swali tupu, jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Na yale 12 ya kwanza yafanye kwa utulivu, maana ndiyo yanayoamua ugumu wa 15 yanayofuata. Ukiamua kufanyia nyumbani kwa kompyuta, uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, na badala ya karatasi uwe na ubao mdogo wa kufutika. Umeme wetu unaujua, tafuta mahali penye jenereta. Ukienda Dar es Salaam, ondoka mapema. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ikakatika Somanga, watu wa kusini tulikwama, na kuahirisha mtihani kunatakiwa kufanyike siku nne kamili kabla.

Fanya jaribio moja la bure la watunzi wenyewe, ETS, wanatoa mawili. La pili lihifadhi mpaka zibaki wiki mbili. Ukishayagawa makosa yako, niandikie idadi ya kila fungu, nami nitakupangia wiki zako.