HB ya Uyole si HB ya Dar

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 31, nauza mitumba hapa Uyole, Mbeya. Tangu nijifungue mtoto wa pili hedhi inatoka nyingi, siku saba nzima. Nikipanda kilima cha kwenda nyumbani napumzika mara mbili. Na nisifiche, pemba, ule udongo wa kutafuna, nakula. Nimepima HB, yaani hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, imesoma 12.4, nikaambiwa damu ipo. Mbona nachoka hivi?
Mama Wawili, Uyole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo pemba imenishtua kuliko namba yenyewe. Maabara nimekaa miaka 27, na waliokuwa wakiitaja kwa sauti ya chini mara nyingi chuma, madini ya kutengenezea damu, kilikuwa kimewaishia.

Kwa mwanamke asiye mjamzito, HB chini ya 12 ni upungufu wa damu. Lakini kiwango hicho ni cha watu wa pwani. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwili hutengeneza damu zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unataka tuliopo kati ya mita 1,500 na 1,999 tupunguze 1.1 kwenye HB iliyosomwa. Toa, unabaki na 11.3. Damu haikutoshi.

Tena HB hushuka mwishoni. HB ni ugali ulio mezani. Akiba ya chuma iko kwenye kihenge, na kihenge hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho feritini. Ikisoma chini ya 15, kimefagiliwa. Usiende ukiwa na homa au maambukizi, maana feritini hupanda kwa uongo. Kwa mgonjwa hata iliyo chini ya 70 inatia shaka. Omba pia picha kamili ya damu, uangalie MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu: chini ya 80, chembe zimekuwa ndogo. Kipimo cha chuma cha kwenye damu peke yake usikilipie. Asubuhi kinasema hivi, jioni vile, na ukimeza kidonge cha chuma kinapanda ghafla.

Choo nacho kipimwe safura, minyoo wanaofyonza damu. Hedhi hiyo mwone daktari, usiizoee. Vidonge vya chuma bila kuziba panapovuja ni kujaza ndoo iliyotoboka.

Na chai, ambayo mimi mwenyewe siiachi, usiinywe na maharage. Ngoja saa moja au mbili, la sivyo chuma cha maharage kinapita tu tumboni.